Barua za Wakili Cicero

Mwaka 1345 mtu mmoja mwenye elimu kubwa, jina lake Francesco Petrarca, alikuwa katika mji wa Verona, kaskazini ya Italia. Karibu na kanisa kuu la mji ule ipo maktaba ya kale sana, ambayo makanoni wameitunza tangu karne nyingi. Petrarca alitafuta vitabu vya kale kama mwindaji afuatavyo nyayo za mnyama. Basi, humo maktabani alipata kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa mkono. Alipokisoma alitambua kwamba ameshika barua za siri za Cicero, wakili mkuu wa Roma, alizowaandikia rafiki yake na ndugu yake miaka karibu 1400 kabla ya siku ile.

Kitabu kilikuwa kinene, na mwili wa Petrarca ulikuwa umechoka. Hata hivyo hakutaka kumwachia karani kazi hiyo, akakinakili kwa mkono wake mwenyewe. Tena, tarehe 16 Juni ya mwaka ule, alifanya jambo la ajabu: alichukua kalamu, akamwandikia Cicero barua, kama mtu amwandikiavyo mzee wake aliye hai. Wala haikuwa barua ya kumsifu. Ilikuwa barua ya kumlaumu.

Kwa nini mtu amkasirikie marehemu aliyelala kaburini zaidi ya miaka elfu? Sababu imo katika methali yetu: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Watu wote waliujua mlango wa Cicero, maana yake hotuba zake na vitabu vyake. Petrarca alikuwa wa kwanza, baada ya karne nyingi, kufungua na kuingia ndani. Leo twataka kuingia pamoja naye.

Wakili aliyejua nguvu ya maandiko

Marcus Tullius Cicero alizaliwa tarehe 3 Januari ya mwaka 106 kabla ya Kristo, katika mji mdogo wa Arpinum, kiasi cha kilometa 100 kusini-mashariki ya Roma. Baba yake alikuwa na mali ya kutosha, lakini katika ukoo wao hapakuwa na hata mmoja aliyepata kushika cheo kikubwa katika mji wa Roma. Wakuu wa mji ule walimwona kuwa mtu wa kuja. Hakuwa na jeshi wala jina la mababu; alikuwa na ulimi wake na bidii yake tu.

Kesi yake ya kwanza iliyomletea sifa ilihukumiwa mwaka 80, naye alikuwa kijana wa miaka 26. Mtu mmoja aitwaye Sextus Roscius alishtakiwa kwamba amemwua baba yake. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa ya kutisha: mtu alishonwa ndani ya mfuko, akatupwa majini. Nyuma ya mashtaka yale alijificha Chrysogonus, kipenzi cha mtawala Sulla, aliyekuwa amenunua mali ya marehemu kwa sesterti 2000 tu, hali thamani yake ilikuwa milioni sita. Mawakili wakubwa waliogopa kusimama. Cicero alisimama, akawauliza waamuzi ni nani aliyepata faida kwa kifo kile. Roscius akaachiliwa.

Lakini kesi iliyomfanya kuwa wa kwanza kati ya mawakili wote ni ile ya mwaka 70. Watu wa kisiwa cha Sisilia walimwomba amshtaki Verres, aliyekuwa liwali wao kwa miaka mitatu. Verres alikuwa amewanyang'anya ngano yao, fedha yao, hata sanamu za mahekalu yao. Cicero alizunguka kisiwa chote kwa muda wa siku 50, akikusanya mashahidi na daftari za hesabu. Katika mji wa Siracusa alifungua daftari za chama cha watoza kodi, akaona jina geni la mtu aitwaye Verrucius. Herufi za mwisho za jina lile zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya kila mara. Akawaonyesha watu daftari ile: kumbe hapakuwa na Verrucius yeyote, jina la kwanza lilikuwa Verres, na karani ameligeuza ili kuficha faida ya bwana wake.

Shauri lilipofunguliwa, Agosti ya mwaka ule, wakili wa Verres, bwana Hortensius aliyesifiwa kuliko wote, alitumaini kuchelewesha mambo mpaka waje wakubwa wapya wenye kumpendelea Verres. Cicero aliacha hotuba ndefu, akaleta mashahidi mara moja. Baada ya siku chache Verres alikimbilia Massilia, mji uitwao leo Marseille.

Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji. Wakili huyu alijua kuliko wengine wote kwamba maandiko ni shahidi asiyeweza kunyamazishwa. Lakini hakufikiri kwamba siku moja maandiko yake mwenyewe yataletwa kushuhudia juu yake.

Barua zaidi ya 900

Zimetufikia barua zaidi ya 900, za tangu mwaka 68 mpaka mwaka 43 kabla ya Kristo. Karibu 100 katika hizo ni za watu wengine waliomwandikia yeye. Zaidi ya 400 alimpelekea rafiki mmoja tu, Titus Pomponius, aliyeitwa Atticus kwa sababu alikaa miaka mingi huko Athene. Atticus alikuwa rafiki yake tangu utoto, na dada yake Atticus aliolewa na Quintus, ndugu wa Cicero. Barua nyingine ni za mke, za ndugu, za wakubwa wa dola, na za mtumwa aliyekuja kuwa rafiki.

Siku zile hapakuwa na posta ya watu wote. Mtu aliandika kwa wino juu ya karatasi ya mafunjo, au alichora maneno juu ya kibao cha nta, kisha akatafuta tarishi wake, au msafiri mwaminifu aendaye njia ile. Barua moja ilifika Athene kutoka Roma kwa siku 21, na Cicero alimsifu mjumbe kwa mwendo wake wa upesi. Nyingi zilipotea njiani. Nyingine zilifunguliwa na watu wasiohusika. Kwa hiyo mara kwa mara Cicero alifumba maneno yake, akatia maneno ya Kigiriki, au akangoja mjumbe anayemwamini.

Kwa Atticus aliandika kila jambo kama lilivyomjia moyoni. Mwanahistoria Cornelius Nepos, aliyeishi wakati wao, alizisoma barua hizo, akasema kwamba anayezisoma hahitaji sana kitabu kingine cha habari za nyakati zile. Na kweli, tunaona humo bei ya nyumba, deni lisilolipwa, uchaguzi uliovurugwa kwa fedha, chakula cha jioni alichokula Julius Caesar alipokuja kuwa mgeni, na hofu ya mtu asiyejua kesho ataegemea upande gani.

Mambo yaliyomkasirisha Petrarca

Petrarca alikuwa amempenda Cicero tangu ujana wake, kwa ajili ya vitabu vyake vya hekima. Katika vitabu hivyo Cicero anafundisha kwamba mwenye busara hatikiswi na msiba wala hapendi sifa ya bure. Basi, ndani ya barua alimkuta mtu mwingine kabisa.

Tutoe mifano mitatu.

Mwaka 65 mtu aitwaye Catilina, aliyekuwa liwali wa nchi ya Afrika, upande ambao leo huitwa Tunisia, alishtakiwa kwa sababu amewanyang'anya watu wa huko mali yao. Ni kosa lile lile la Verres. Je, wakili aliyewalilia watu wa Sisilia aliwalilia na Waafrika? Katika barua moja alimweleza Atticus kwamba anafikiri kumtetea Catilina, kwa kuwa waamuzi waliochaguliwa wanafaa na mshtaki mwenyewe amekubali. Alitumaini kwamba Catilina atamsaidia katika uchaguzi ujao. Wajuzi wanaona kwamba mwishowe hakumtetea. Lakini wazo lile limeandikwa, wala hakuna awezaye kulifuta. Miaka miwili baadaye, Cicero akiwa konsuli, yaani mkuu wa dola kwa mwaka ule, alisimama mbele ya Baraza akamwita Catilina yule yule adui wa taifa.

Mfano wa pili. Tarehe 5 Desemba ya mwaka 63 konsuli Cicero aliamuru watano wa wafuasi wa Catilina wauawe pasipo hukumu ya mahakama. Kwa hakika walikuwa wamefanya njama ya hatari. Lakini sheria ya Roma ilikataza kumwua raia asiyehukumiwa mbele ya watu, na Cicero alikuwa mtu wa sheria. Adui zake walimlipa mwaka 58. Alihamishwa nchi, na nyumba yake nzuri juu ya kilima cha Palatino ikabomolewa. Na huko uhamishoni yule mwalimu wa uvumilivu alilia kama mtoto. Barua zake za miezi ile zimejaa machozi na majuto. Humlaumu Atticus, huwalaumu rafiki, hujilaumu mwenyewe, husema afadhali angalikufa.

Mfano wa tatu unachekesha kidogo. Yapata mwaka 55, alipokwisha kurudishwa kwao, alimwandikia Lucceius, mtungaji wa historia, akamwomba aandike habari za mwaka wake wa ukonsuli, tena amsifu kupita kiasi, asishike sana sheria za historia. Alikiri katika barua ile kwamba barua haioni haya, ndiyo sababu ameandika asiyoweza kusema uso kwa uso.

Basi, Petrarca alifunga kitabu kwa huzuni. Alimwuliza mzee wake: Wewe uliyewafundisha wengine, kwa nini hukuyasikia maneno yako mwenyewe? Kwa nini hukukaa kimya shambani katika uzee wako, ukaingia tena katika magomvi ya wakubwa?

Mke na binti

Lakini sisi tunaoandika kwa ajili ya jamaa, tumeona katika barua zile mambo mengine ambayo hayapasi kupitwa.

Zipo barua 24 kwa mkewe Terentia. Katika zile za uhamishoni amwita kwa majina ya mapenzi, asema machozi yanamzuia kuandika. Terentia ndiye aliyebaki Roma akiteswa na adui za mumewe. Alipotaka kuuza mali yake ya urithi ili kuitunza nyumba, Cicero alimsihi asifanye hivyo, mtoto wao mdogo wa kiume asije akabaki bila kitu. Mtu asomapo barua hizo husema: Hawa wawili hawataachana kamwe.

Kisha miaka inapita. Vita ya wenyewe kwa wenyewe inatokea, fedha inatiliwa shaka, maneno yanafupishwa. Barua ya mwisho ni ya tarehe 1 Oktoba ya mwaka 47. Cicero anarudi baada ya kukaa mbali na nyumba yake kwa miaka. Hamwulizi mkewe hali. Hasemi neno la furaha. Amwamuru tu atengeneze mambo kwa ajili ya wageni, na kama hakuna beseni bafuni, liwekwe. Ni mistari michache. Mwaka uliofuata waliachana, baada ya kukaa pamoja miaka 30 hivi. Hakuna hotuba iwezayo kutueleza jinsi nyumba inavyopoa kama barua ile ya beseni.

Mtoto aliyempenda kuliko vitu vyote duniani alikuwa Tullia, binti yake. Huyu aliolewa mara tatu, wala hakupata raha. Februari ya mwaka 45, muda mfupi baada ya kujifungua, Tullia alifariki, umri wake miaka thelathini na kidogo. Cicero hakuweza kukaa mahali walipoishi pamoja. Alikwenda Astura, kando ya bahari, na kutoka huko alimwandikia Atticus kila siku. Alimwambia kwamba asubuhi huingia katika msitu mnene, hatoki mpaka jioni; kwamba amesoma vitabu vyote vya faraja, na machozi ni yenye nguvu kuliko vitabu. Alitaka kujenga mahali patakatifu pa ukumbusho wa mtoto wake, akatafuta kiwanja kwa miezi, lakini hapakujengwa.

Rafiki yake Servius Sulpicius, mjuzi wa sheria, alimwandikia kutoka Ugiriki. Alimweleza jinsi alivyopita baharini akaona pande zote miji iliyokuwa mikubwa zamani, kama Korintho na Megara, sasa ni magofu. Akajiambia kwamba ikiwa miji hufa, sisi watu tusishangae kufiwa. Tena alimwonya asiwe kama waganga wabaya wanaojidai kuponya wengine, nao wenyewe hawawezi kujiponya. Cicero alimshukuru, lakini jibu lake linaugusa moyo hata leo. Alisema kwamba wakubwa wa zamani waliofiwa na watoto walifarijiwa na kazi ya taifa. Yeye, taifa lilipomwumiza alikimbilia nyumbani kwa mtoto wake, na sasa nyumbani na taifani kote hakuna kimbilio.

Je, Petrarca alikuwa na haki kumlaumu kwa kulia? Mwenye kupata kumzika mtoto wake ajibu.

Mtumwa aliyehifadhi barua

Barua hizi hazikujihifadhi zenyewe. Katika nyumba ya Cicero alikuwamo kijana aitwaye Tiro, mtumwa. Ndiye aliyekuwa karani wake: aliandika hotuba kwa hati mkato, akazisahihisha hesabu, akatunza vitabu na barua. Mwaka 53 Cicero alimweka huru. Ndugu yake Quintus alipopata habari alimwandikia kwamba amefurahi sana, maana Tiro alistahili kuwa rafiki yao wala si mtumwa wao.

Novemba ya mwaka 50 Cicero alirudi kutoka Kilikia, alikokuwa liwali. Njiani Tiro aliugua, akaachwa katika mji wa Patrae huko Ugiriki. Mtu yule mkubwa, aliyengojewa Roma kwa mambo ya vita na amani, siku moja alimwandikia mgonjwa wake mara tatu. Alimsihi asipande chombo kabla ya kupona, asijali gharama, amlipe mganga anavyotaka.

Hata hivyo tusizifanye nyakati zile kuwa njema kuliko zilivyokuwa. Katika barua nyingine Cicero amwambia Atticus kwamba amefiwa na mtumwa wake Sositheus, kijana aliyekuwa akimsomea vitabu, na kwamba amehuzunika kupita ipasavyo kwa kifo cha mtumwa. Aliona haya kwa sababu amemlilia mtu! Hata mwenye moyo mwema alikuwa amefungwa macho na desturi ya kumiliki wanadamu. Barua zimeandika wema wake, zimeandika na upofu wake.

Mwezi Julai wa mwaka 44 Cicero alimjibu Atticus kwamba hakuna mkusanyo wa barua zake, ila Tiro anazo kama sabini, na nyingine zitafutwe kwa Atticus; yampasa yeye azitazame na kuzisahihisha kwanza, ndipo zitolewe. Lakini hakupata nafasi. Julius Caesar alikuwa ameuawa tarehe 15 Machi ya mwaka ule, na yule mzee, ambaye Petrarca angetaka akae kimya shambani, aliingia tena vitani kwa ulimi wake. Alitunga hotuba 14 za kumpinga Marcus Antonius, aliyetaka kuitawala Roma kwa nguvu. Hotuba hizo zilimgharimu uhai. Jina lake liliandikwa katika orodha ya watu wa kuuawa, na tarehe 7 Desemba ya mwaka 43 askari walimkuta karibu na Formiae, akichukuliwa katika machela kuelekea pwani. Alikuwa na umri wa miaka 63. Kichwa chake na mikono iliyoandika vilitundikwa Roma, penye jukwaa alikozoea kuhutubu. Ndugu yake Quintus na mtoto wa Quintus waliuawa pia.

Kwa hiyo barua zake zilibaki bila kusahihishwa naye. Ndiyo maana ni za kweli. Tiro na Atticus hawakuzichoma moto, ijapokuwa kuwa rafiki wa Cicero kulikuwa hatari siku zile. Tiro alitumia miaka iliyobaki kutunza kazi za bwana wake wa zamani. Plutarch ametuhadithia kwamba baada ya miaka mingi Kaisari Augusto, mmoja wa wale waliokubali Cicero auawe, alimkuta mjukuu wake akisoma kitabu cha Cicero. Kijana alikificha kitabu ndani ya nguo kwa hofu. Augusto alikichukua, akasoma kwa muda mrefu akiwa amesimama, kisha akamrudishia, akasema kwamba huyu alikuwa mtu wa elimu, tena aliyeipenda nchi yake.

Safari ya karne nyingi

Dola ya Roma ikaanguka. Kilichookoa vitabu hivi ni kalamu za watu wenye subira, wengi wao watawa na mapadri, walionakili kurasa za mtu asiyekuwa Mkristo, kwa sababu waliona kwamba hekima haipaswi kupotezwa. Nakala ya karne ya 9 yenye barua kwa rafiki mbalimbali ilitunzwa katika kanisa kuu la Vercelli, ikajulikana tena kwa wataalamu yapata mwaka 1392. Ile ya Verona, aliyoiona Petrarca, imepotea. Hata nakala ya mkono wake haipo tena. Lakini nyingine zilikuwa zimekwisha nakiliwa, nazo ndizo zimetufikia.

Afrika nayo imo katika habari hii. Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwa mwanafunzi wa miaka 19 huko Karthago alipokisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kwa jina la yule wakili aliyemtetea Verres. Ameandika katika Maungamo yake kwamba kitabu kile kilimgeuza moyo, akaanza kuitamani hekima. Kitabu kilichomwamsha Augustino kimepotea, vimebaki vipande tu. Barua ya kuagiza beseni la bafuni ingalipo. Hatuchagui sisi ni neno gani letu litakalobaki.

Na katika Kongo yetu, wazee wengi waliosoma katika seminari ndogo, pamoja na vijana wa sehemu ya Kilatini na Filosofia, wameumia vichwa kwa sentensi ndefu za hotuba zake juu ya Catilina. Tungependa wajue kwamba aliyezitunga alikuwa pia baba aliyejificha msituni akilia.

Hukumu yetu

Petrarca mwenyewe hakudumu katika hasira. Tarehe 19 Desemba ya mwaka ule ule 1345 alimwandikia Cicero barua ya pili, ya upole, akamshukuru kwa lugha nzuri aliyowarithisha watu wote. Na kile kitabu cha barua alikiweka karibu na mlango wa chumba chake cha vitabu. Siku moja, akipita, pindo la nguo yake lilikinasa, kikamwangukia mguu wa kushoto na kumjeruhi. Alikidharau kidonda, kikaoza, waganga wakafikiri hata kuukata mguu; lakini akapona. Alifanya mzaha kwamba Cicero, aliyempenda moyoni, sasa amempiga mguuni.

Kama tungekuwa waamuzi katika shauri hili, tungesema hivi. Hotuba za Cicero zinamwonyesha alivyotaka kuwa, barua zinamwonyesha alivyokuwa, na zote mbili ni shahidi wa kweli. Alitaka sifa, aliogopa, aligeuka-geuka. Lakini mtu yule yule mwenye hofu, anayejulikana kwa barua zake kwamba aliogopa, alisimama mwisho mbele ya Antonius akijua atakavyolipwa. Ujasiri wa mtu asiyejua hofu si kitu kikubwa. Tusingalijua ukubwa wa ujasiri wake kama tusingalisoma habari za woga wake.

Nasi tunayo maandiko, ndugu wasomaji, hata kama si wakili wala konsuli. Katika nyumba nyingi lipo sanduku chini ya kitanda: hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua za mtoto aliyekwenda kusoma Lubumbashi au Bukavu, barua za baba aliyefanya kazi mgodini. Wajane wangapi wamenyang'anywa nyumba kwa sababu panya walikula karatasi moja? Wazee wetu wa pwani walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, mjue ni nani Tiro wa nyumba yenu. Mwekeni mtu mwaminifu, awe mwana au binti, ajue kila karatasi ilipo. Wala msichome barua za marehemu kwa sababu zina neno la uchungu. Ziwekeni. Wajukuu watawasoma, watawalaumu kidogo kama Petrarca alivyofanya mwezi wa Juni, na kufika Desemba watakuwa wamewasamehe.

Na wewe uliye mbali na mkeo, ukishika kalamu jioni hii kumwagiza beseni, umwulize kwanza hali yake.